SQLite kwenye daftari la samaki la Lamu: orodha ikae wapi?

Daftari la mnunuzi wa samaki, awe Amu au Kizingitini, lina sura ileile. Juu ya ukurasa kuna tarehe, jina la chombo na jina la nahodha. Chini yake inashuka orodha: changu kilo 12, tafi kilo 4 na nusu, pweza kilo 3, kambakoche kilo 1 na robo, kila aina na bei yake. Kesho yake chombo kilekile kinaleta aina mbili tu, kesho kutwa tisa. Kichwa ni kimoja, mkia haujulikani urefu wake. Karatasi haioni taabu, kwani mwandishi anashuka mstari tu. Taabu huanza daftari linapohamishiwa kwenye kompyuta, na mara nyingi haionekani mpaka mwisho wa mwezi, jumla zinapokataa kulingana.

Hapa tunaipima SQLite kwa kazi hiyo moja: kuhifadhi orodha zinazojirudia, zenye urefu tofauti, katika ofisi ndogo yenye laptopu moja au mbili na umeme unaoweza kukatika mzigo ukiwa bado mizanini.

SQLite ni hifadhidata isiyo na seva. Hakuna kitu cha kuwasha asubuhi wala fundi wa kumwita kutoka Mombasa. Data yote imo ndani ya faili moja. Ni bure kabisa, haina hata leseni, kwa sababu watungaji wake waliitoa iwe mali ya umma, na wameahidi kuihudumia hadi mwaka 2050. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 alipokuwa akifanya kazi ya programu za manowari ya jeshi la majini la Marekani. Alitaka hifadhidata itakayofanya kazi chomboni bila msimamizi wa kuilea. Asili yake basi ni baharini, ingawa hakuna aliyekuwa akiwaza changu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba SQLite haina aina ya data ya orodha. PostgreSQL, hifadhidata nyingine inayohitaji seva, inayo: unaweza kutangaza safu moja ikabeba thamani ishirini. Microsoft Access tangu toleo la 2007 nayo ina sehemu zinazopokea thamani nyingi, ambazo kwa siri huzihifadhi katika majedwali usiyoyaona. SQLite haina kitu hicho, na kwa daftari la samaki sisi tunauhesabu upungufu huo kuwa sifa. Kasoro zake ziko kwingine: karibu kila mlango wake wa ulinzi huja ukiwa wazi, na mwenye nyumba ndiye wa kuufunga.

(Katika maelezo haya, safu ni zile zinazosimama na mistari ni ile inayolala. Chumba ni pale safu na mstari vinapokutana. Jedwali ni vyote pamoja.)

Njia mbili ambazo SQLite itazikubali, nawe usizikubali

Anayeanza kwa kawaida huitia orodha nzima ndani ya chumba kimoja: `changu 12, tafi 4.5, pweza 3`. Kwa jicho inasomeka vizuri. Sasa uliza kilo za kamba za mwezi mzima. `LIKE '%kamba%'`, yaani tafuta popote penye herufi hizo, itakokota kamba na kambakoche pamoja, na hao wawili hawajapata kuwa na bei moja. Kujumlisha hakuwezekani mpaka ukatekate maneno kwanza. Aliyeandika "chagu" kwa haraka hazuiliwi na kitu, na kilo zake hazitatokea tena kwenye hesabu yoyote ya changu.

Akishachoka na hilo huja na safu za kuhesabika: `samaki1, kilo1, samaki2, kilo2`, mpaka nane. Aina ya tisa ikija inaandikwa kwenye safu ya maoni. Kutafuta pweza kunahitaji kuuliza safu nane. Lakini mtego mbaya zaidi uko kwenye kujumlisha. Ukiandika `kilo1 + kilo2 + ... + kilo8`, na hata chumba kimoja kikawa kitupu, jibu zima ni NULL, yaani tupu, thamani isiyojulikana. Matokeo yake chombo kilicholeta aina saba kinafutika katika jumla ya mwezi, kilicholeta nane kinabaki, na ripoti inatoka safi bila neno la kosa. Unaweza kuzungushia kila safu `coalesce(kilo1, 0)` na jumla itarudi, ila hapo unamfunga bendeji mgonjwa anayehitaji kupasuliwa.

Dawa yenyewe ina zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1970 Edgar F. Codd wa IBM, alipopendekeza mfumo wa data wa kihusiano, alionyesha namna ya kuitoa orodha iliyofichwa ndani ya mstari na kuipa jedwali lake, kila mstari wa orodha ukibeba ufunguo wa mzazi wake. Kwa daftari letu inakuwa hivi:

```
CREATE TABLE chombo (
  id    INTEGER PRIMARY KEY,
  jina  TEXT NOT NULL,
  aina  TEXT NOT NULL
) STRICT;

CREATE TABLE samaki (
  id    INTEGER PRIMARY KEY,
  jina  TEXT NOT NULL UNIQUE
) STRICT;

CREATE TABLE safari (
  id         INTEGER PRIMARY KEY,
  chombo_id  INTEGER NOT NULL REFERENCES chombo(id),
  tarehe     TEXT NOT NULL CHECK (tarehe IS date(tarehe)),
  nahodha    TEXT
) STRICT;

CREATE TABLE mzigo (
  safari_id  INTEGER NOT NULL
             REFERENCES safari(id) ON DELETE CASCADE,
  namba      INTEGER NOT NULL,
  samaki_id  INTEGER NOT NULL REFERENCES samaki(id),
  gramu      INTEGER NOT NULL CHECK (gramu > 0),
  bei_kilo   INTEGER NOT NULL CHECK (bei_kilo >= 0),
  PRIMARY KEY (safari_id, namba)
) STRICT, WITHOUT ROWID;

CREATE INDEX mzigo_samaki ON mzigo(samaki_id);
```

Aina tisa ni mistari tisa katika `mzigo`, aina mbili ni mistari miwili. Gharama za safari (barafu, petroli, posho) zinapata jedwali la `gharama` lenye umbo hilohilo. Mabaharia wanaobadilisha vyombo wanahitaji jedwali la kuunganisha lenye safu mbili, safari na baharia, na zote mbili ndizo ufunguo mkuu (kitambulisho cha kila mstari kisichojirudia).

Kuna mambo kwenye amri hizo yanayoonekana madogo ila yana kazi.

Uzito umewekwa kwa gramu, si kilo. Kilo nne na nusu ni 4500. SQLite huhifadhi namba za desimali kwa mfumo wa binari, na ukiiuliza kama `0.1 + 0.2` ni sawa na `0.3` itakujibu 0, yaani hapana. Namba nzima hazina ujanja huo. Angalizo ni kwenye kugawanya: `gramu * bei_kilo / 1000` kwa namba nzima hukata mabaki. Gramu 3250 kwa shilingi 450 ni shilingi 1462 na nusu, na SQLite itakupa 1462. Ukitaka ikadirie kwa shilingi iliyo karibu, nusu ikienda juu, andika `round(gramu * bei_kilo / 1000.0)`. Kubalianeni mapema nusu shilingi ni ya nani, kwani wavuvi huhesabu.

Bei iko kwenye mstari wa mzigo, haiko kwenye jedwali la samaki. Watu wengi huona huko ni kurudia data na huihamisha bei iende kwa samaki, "ili iandikwe mara moja tu". Ni kosa. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na vyombo vidogo visitoke, bei ya changu haiwi ile ya kaskazi. Ukibadilisha bei kwenye jedwali la samaki mwezi wa Julai, risiti zote za Januari zinabadilika nazo. Bei ya leo na bei iliyolipwa siku ile ni vitu viwili, hata siku ambayo tarakimu zimefanana.

Safu ya `namba` inatunza mpangilio. Mistari ya jedwali haina wa mbele wala wa nyuma. Usipoandika `ORDER BY`, SQLite ina haki ya kukuletea orodha vyovyote. Kwa wiki kadhaa italeta ulivyoiandika, utaizoea, kisha utaongeza faharasa moja (orodha ya pembeni ya kuharakisha utafutaji) na mpangilio utageuka.

Faharasa ya mwisho, `mzigo_samaki`, haijiundi yenyewe. SQLite hutengeneza faharasa ya ufunguo mkuu, lakini si ya ufunguo wa kigeni (safu yenye `REFERENCES`, inayoelekeza kwenye mstari wa jedwali jingine). Bila hiyo, swali la "pweza wote wa mwaka" litapitia kila mstari, na kila unapojaribu kumfuta samaki mmoja SQLite italazimika kulipekua jedwali zima la mizigo kuona kama anatumika.

Milango iliyo wazi

Wa kwanza ndio mbaya kuliko yote. Maneno `REFERENCES` uliyoyaandika kwa uangalifu hayafanyi kazi mpaka utoe amri hii:

```
PRAGMA foreign_keys = ON;
```

Na si mara moja kwa maisha. Ni kila programu inapofungua faili. Ukisahau, SQLite itapokea mzigo wa safari isiyokuwapo na samaki namba 999, kimya kabisa. Ukiitoa amri hiyo katikati ya muamala ulioanza (fungu la amri zinazokubaliwa au kukataliwa zote kwa pamoja), pia haifanyi kitu na haikuambii. Iweke iwe amri ya kwanza baada ya kufungua faili, kabla ya `BEGIN` yoyote. Kwa faili ambalo limekuwa likitumika bila ulinzi, `PRAGMA foreign_key_check;` itakuorodheshea mistari yote iliyo yatima. Kwa nini ije ikiwa imezimwa? Watungaji wanasema ni kwa ajili ya programu za zamani zilizoandikwa kabla ulinzi huo haujakuwapo. Sababu inaeleweka, ila kwa mtu anayeanza leo ni shimo lisilo na alama.

Wa pili ni aina za data. Bila neno `STRICT`, SQLite huchukulia `INTEGER` kama ushauri tu. Andika "kilo tatu" kwenye safu ya namba, itaingia. Ukijumlisha, `sum` itayahesabu maneno hayo kuwa sifuri. `STRICT` imekuwapo tangu toleo 3.37.0 la Novemba 2021, na ina sharti: SQLite ya zamani zaidi ya hapo haitaweza kulisoma faili lenye jedwali la namna hiyo. Mfumo wa kompyuta wa Ubuntu 20.04 ulikuja na 3.31, kwa hiyo laptopu ya zamani itakataa faili lililotengenezwa kwenye mpya. Ubuntu 22.04 inayo 3.37. Kagua kwa `SELECT sqlite_version();` kwenye kila mashine, na ukumbuke kuwa Python, simu na programu ya mezani zinaweza kila moja kuwa na toleo lake ndani ya ofisi moja.

Wa tatu ni tarehe. SQLite haina aina ya tarehe. Ni maandishi tu. Ndiyo maana ya ule ukaguzi `tarehe IS date(tarehe)`. Wengi huandika `=` mahali pa `IS`, na hapo ukaguzi unakufa. Mtu akiandika `7/3/2025`, `date()` hurudisha NULL; kulinganisha kwa `=` na NULL hutoa NULL; na `CHECK` ikipata NULL hupitisha. `IS` hutoa jibu la ndiyo au hapana, basi tarehe mbovu inarudishwa mlangoni. Umbo linalopita ni `2025-03-07`. Mvuvi hasomi hivyo, lakini kumgeuzia tarehe ni kazi ya skrini, si ya jedwali.

Kusoma orodha mbili kwa pamoja

Hapa ndipo tunapoona watu wenye ujuzi wakianguka, na si kosa la SQLite peke yake. PostgreSQL na MariaDB zitakupa jibu hilohilo bovu.

Chukua safari moja. Mzigo una mistari mitatu: changu kilo 20, tafi kilo 12, pweza kilo 8, jumla kilo 40. Gharama zina mistari miwili: barafu shilingi 600 na petroli shilingi 2,400, jumla 3,000. Unataka ripoti ya kilo na gharama kwa kila safari, basi unaunganisha `safari` na `mzigo` na `gharama` kwa `JOIN` mbili, kisha unajumlisha. SQLite inakuambia kilo 80 na gharama shilingi 9,000.

Kilichotokea ni kwamba kila mstari wa mzigo umekutana na kila mstari wa gharama. Mitatu mara miwili ni sita. Kila samaki kahesabiwa mara mbili, kila gharama mara tatu. Ubaya wake ni kuwa safari zenye gharama moja tu zitatoka na kilo sahihi, kwa hiyo ukijaribu na mfano mdogo utaridhika na kwenda nyumbani. Wengine hukimbilia `sum(DISTINCT gramu)`. Hiyo hupunguza namba, lakini vikapu viwili vyenye uzito mmoja vitahesabiwa kimoja. Njia ni kuijumlisha kila orodha kivyake kwanza, ikafika kwenye muungano ikiwa na mstari mmoja kwa kila safari:

```
SELECT s.id, s.tarehe, m.gramu, g.shilingi
FROM safari AS s
LEFT JOIN (SELECT safari_id, sum(gramu) AS gramu
           FROM mzigo GROUP BY safari_id) AS m
       ON m.safari_id = s.id
LEFT JOIN (SELECT safari_id, sum(shilingi) AS shilingi
           FROM gharama GROUP BY safari_id) AS g
       ON g.safari_id = s.id;
```

`LEFT JOIN` isiachwe. Kwa `JOIN` ya kawaida, safari iliyorudi mikono mitupu ingetoweka kwenye ripoti pamoja na petroli yake, na hiyo ndiyo safari ambayo mwenye chombo anataka kuiona.

Ukihitaji orodha irudi kuwa sentensi moja, kwa risiti au ujumbe wa simu, `group_concat` inafanya. Tangu 3.44.0 ya mwaka 2023 unaweza kuweka `ORDER BY` ndani ya mabano yake. Kabla ya hapo mpangilio ulikuwa wa kubahatisha. Hapa SQLite inaishinda MySQL, ambayo kwa mipangilio yake ya kawaida hukata jibu la amri hiyo likifika baiti 1024, ikaacha onyo ambalo hakuna anayelisoma.

JSON: mgeni mzuri, mpangaji mbaya

Siku hizi jibu la haraka kwa kila orodha ni "iweke JSON", yaani maandishi yenye mpangilio ambayo programu hupeana data kwayo. SQLite inaimudu JSON bila kuongeza kitu tangu 3.38.0 ya 2022, na tangu 3.45.0 ya Januari 2024 ina umbo la binari lisilohitaji kuchambuliwa upya kila linaposomwa. Inafanya kazi vizuri. Ila ukihifadhi mzigo hivyo, umerudi kwenye chumba kimoja chenye orodha, kikiwa tu kimevaa kanzu nzuri zaidi. Hakuna ufunguo wa kigeni unaofika ndani ya JSON, na "chagu" atapita tena.

Tunaipenda JSON kwa kusafirisha. Simu iliyo gatini inatuma orodha yote kwa mkupuo, na amri moja inaitawanya kuwa mistari:

```
INSERT INTO mzigo (safari_id, namba, samaki_id, gramu, bei_kilo)
SELECT :safari, j.key + 1, s.id,
       j.value ->> 'gramu', j.value ->> 'bei'
FROM json_each(:orodha) AS j
LEFT JOIN samaki AS s ON s.jina = j.value ->> 'samaki';
```

Tazama tena ile `LEFT JOIN`. Ungeandika `JOIN`, samaki ambaye jina lake limekosewa angeachwa nje bila kelele, na mizani ikasema kilo 40 huku daftari likisema 28. Kwa `LEFT JOIN`, samaki asiyejulikana anakuja na `samaki_id` tupu, `NOT NULL` inamkataa, na orodha nzima inarudishwa ikarekebishwe. Kukataa chote ndiko kunakotakiwa hapa.

Kusahihisha orodha iliyokwishaingia, programu nyingi hufuta mistari yote ya safari na kuiandika upya. Ni sawa, almradi kufuta na kuandika vimo ndani ya `BEGIN IMMEDIATE` na `COMMIT` moja. Umeme ukikatika katikati, SQLite ikifunguliwa tena itarudisha hali ya awali yenyewe. Bila muamala, utakuta safari iliyofutwa mzigo na haikuandikiwa mwingine. Muamala pia huongeza kasi, kwani kila `INSERT` iliyo peke yake husubiri diski ithibitishe, na mistari mia moja ni kusubiri mara mia.

Walio na daftari la zamani lenye vyumba vya mikato wataikosa `string_to_array` ya PostgreSQL. SQLite haina amri ya kukata maneno kwa mkato, inabidi kuijengea:

```
WITH RECURSIVE kata(id, neno, baki) AS (
  SELECT id, NULL, orodha || ',' FROM daftari_la_zamani
  UNION ALL
  SELECT id,
         trim(substr(baki, 1, instr(baki, ',') - 1)),
         substr(baki, instr(baki, ',') + 1)
  FROM kata WHERE baki <> ''
)
SELECT id, neno FROM kata WHERE neno <> '';
```

Inazunguka ikikata neno moja kila mara mpaka baki liishe. Matokeo yatie kwanza kwenye jedwali la muda, uyapange kwa majina bila kurudia, na usome kwa macho: "changu", "Changu", "chagu", "changu wadogo" vyote vitakuwamo. Hiyo ni kazi ya mtu anayewajua samaki, wala si ya kompyuta. Angalieni pia waliotumia mkato kama nukta ya desimali. "4,5" itakatwa kuwa 4 na 5.

Inapokwama

SQLite huruhusu mwandishi mmoja kwa wakati mmoja. Kwa laptopu moja hutaliona hilo. Programu mbili kwenye mashine moja zikigongana, utapata ujumbe `database is locked` papo hapo, kwa sababu muda wa kusubiri huja ukiwa sifuri. `PRAGMA busy_timeout = 5000;` huipa sekunde tano za subira, na `PRAGMA journal_mode = WAL;` huwaacha wasomaji wasome wakati mwandishi anaandika. Ya kwanza hutolewa kila unapofungua faili. Ya pili hubaki ndani ya faili.

Kile kisichotengenezeka ni kuliweka faili kwenye folda ya mtandao ili ofisi ya Amu na kibanda cha Mokowe walifungue pamoja. Kufuli za faili kupitia mtandao haziaminiki, na WAL haifanyi kazi kabisa kati ya mashine mbili. Folda zinazojisawazisha na wingu ni hatari vilevile: zinanakili faili likiwa katikati ya kuandikwa. Mkiwa na sehemu mbili zinazoandika, hamieni PostgreSQL na mlipie seva. Majedwali yaliyo hapo juu yatahama karibu kama yalivyo, ukitoa `STRICT`, `WITHOUT ROWID` na ule ukaguzi wa tarehe, na kuipa tarehe aina ya `date`. Mkifika huko msiingiwe na tamaa ya safu za orodha za PostgreSQL kwa ajili ya mzigo: ufunguo wa kigeni haushiki thamani iliyo ndani ya orodha, na hata ukiandika `integer[8]` ile nane haifuatwi. Kwa lebo fupi zisizo na hesabu, kama "wabichi, wa barafu", zinafaa.

Kwa daftari la ofisi moja tunaipa SQLite alama 4 kati ya 5. Moja tumeikata kwa sababu ya `foreign_keys`.

Nakala ya akiba ichukuliwe kwa `VACUUM INTO 'akiba-2025-03-07.db';` au `.backup` ya programu ya `sqlite3`, si kwa kulinakili faili likiwa wazi. Katika hali ya WAL, miamala ya karibuni inaweza kuwa bado imo kwenye faili la pembeni linaloishia na `-wal`, na atakayenakili faili kuu peke yake ataiacha nje. Umeme ukikatika na ukakuta faili linaloishia na `-journal` au `-wal`, usilifute kwa kudhani ni takataka: ndilo SQLite inalolihitaji kurekebisha kilichokatika. Fungua hifadhidata kama kawaida, iache imalize, kisha `PRAGMA integrity_check;`. Ikijibu `ok`, endelea kupima.